Ala ya Upande wa Kushoto

Swali lililonipeleka kwa fundi niliulizwa na mwanamke aliyekaa kiti cha nyuma kabisa, siku niliyosoma kurasa za riwaya yangu ya kwanza mbele ya watu. Katika riwaya hiyo kuna mtu anayetembea na kisu kwa siku nne. Nilikuwa nimekieleza kisu chenyewe kurasa mbili nzima: makali yake, uzito wake, mwanga ulivyokuwa ukiteleza juu yake kama maji. Yule mwanamke akanyoosha mkono.

"Siku zote hizo nne," akauliza, "alikuwa anakiweka wapi? Mfukoni? Hakikumkata paja?"

Ukumbi ukacheka. Nikajibu maneno fulani kuhusu ishara na mafumbo, uso ukiniwaka, na joto hilo nikalibeba njia nzima hadi nyumbani kwetu Busia. Sikujua kisu hulala ndani ya nini. Kuandika nilikuwa nimeandika.

Wiki iliyofuata nikavuka mpaka kwa miguu, kama tunavyovuka kila siku kutafuta ndizi au kumjulia hali ndugu, nikaenda hadi kwenye maegesho ya malori upande wa Uganda. Hapo alikuwapo fundi mmoja wa turubai niliyemfahamu kwa sura tangu nikiwa mdogo, kwa sababu ya makoti yake. Alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, mwembamba, na hakuna jua lililowahi kumvua koti. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuziba turubai za malori na kushona viti vya madereva, lakini kazi aliyoipenda ilikuwa ala: mifuko ya ngozi ya visu, na kofia za ngozi za vile vishoka vya mpini mrefu ambavyo madereva wa safari ndefu hubeba kwa ajili ya kuni na, kama wao wenyewe wasemavyo, kwa ajili ya amani. Visu na vishoka vilitoka kwa mhunzi wa kijiji cha Buteba, rafiki yake wa shuleni, aliyevifua kwa springi za malori yaliyokufa.

"Unataka ala ya nini?" fundi akaniuliza.

"Sitaki ala. Nataka kujifunza kuishona."

"Uifanyie biashara?"

"Hapana. Nijue tu."

Akamgeukia dereva aliyekuwa amekaa akisubiri kiti chake. "Umemsikia huyu? Mimi nashona nipate kula. Yeye anashona apate kujua."

"Mpe kazi, fundi," dereva akasema. "Akichoka atajua."

Kibanda kilikuwa chembamba. Fundi alikaa kwenye kigoda chake, nami akaniwekea kingine mbele yake, magoti yetu yakikaribia kugusana, gogo la kukatia ngozi likiwa katikati. Hapo ndipo nilipojifunzia, uso kwa uso, nikitazama mikono yake na kuiga.

Kwanza unalaza kisu juu ya kipande cha boksi na kukichora. Hapo mimi hukosea mpaka leo, maana jicho husahau unene. Kisu si mchoro, fundi aliniambia, kisu kina tumbo. Unakata ngozi, unaikunja, na katikati ya kingo mbili unatia kamba nyembamba ya ngozi, ili makali yakigusa yaguse hiyo na si uzi. Unapaka gundi ya viatu. Unapima nafasi za matundu kwa uma wa kulia chakula, kwa sababu meno ya uma hayana haraka kama macho ya mtu. Kisha unachukua msharasi, ile sindano nene yenye mpini, na kutoboa. Uzi wake aliutoa kwenye tairi kuukuu, akausugua kwa nta ya nyuki mpaka ukatoa mlio. Na mshono wenyewe ni wa sindano mbili. Moja inaingia kutoka kulia, nyingine kutoka kushoto, zinapishana ndani ya tundu moja, kisha mikono yote miwili inavuta kwa mara moja, nje, kama mtu anayefungua pazia.

Ala ikishashonwa hulowekwa. Kisu kilifungwa ndani ya mfuko wa plastiki, aina ile ambayo kwetu Kenya ni kosa kuwa nayo, kikasukumwa ndani ya ngozi iliyolowa, na fundi akaibonyeza ngozi kwa mpini wa kijiko mpaka ikashika umbo la kisu. Ikikauka, ndipo mtihani. Fundi alivua viatu vyake, akaishika ala juu ya mguu wake mtupu, akaigeuza mdomo chini. Kisu hakikuanguka.

"Sasa yako," akasema. "Vua viatu."

Ala yangu ya kwanza ilikitema kisu kikachoma udongo, upana wa kidole kutoka kwenye kidole gumba changu. Dereva aliyekuwa karibu aliruka kuliko mimi.

Lakini baada ya wiki mbili mikono yangu ilianza kwenda kama yake. Alipoinua mkono, nami niliinua. Alipovuta, nilivuta. Sikuwa na haja ya kuuliza chochote. Mishono yangu ililala mstari mmoja, ikiegemea kama mvua inayosukumwa na upepo, na fundi aliishika, akaitazama, akasema tu, "Eh." Nikarudi nyumbani nikijiona. Niliamini kwamba nilizaliwa na kipawa ambacho hata mimi sikukijua, kwamba mikono yangu ilikuwa na akili kama kalamu yangu. Haya naandika sasa na mashavu yananiwaka.

Siku moja fundi alinituma Buteba nikachukue visu. Nikapanda bodaboda, nikamkuta mhunzi akipuliza makaa kwa feni ndogo aliyoiunganisha na betri ya pikipiki. Nikajisifu kwake. Nikamwambia jinsi nilivyojifunza haraka, jinsi nilivyokuwa nikimtazama fundi na kuiga tu, kama mtu anayejitazama kwenye kioo.

Mhunzi akazima feni. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kama kioo! Dada, unajua kwa nini? Mtu ya kulia ukikaa mbele yake, mkono yake inakuchanganya. Lazima ugeuze kichwani. Wewe hukugeuza kitu. Yule ni mashoto."

Nikamwambia haiwezekani. Nilikuwa nimemwona akisalimu, akipokea, akila, akiandika vipimo. Vyote kwa mkono wa kulia.

"Mbele ya watu," mhunzi akasema. Kisha kicheko kikamwisha. Akanieleza kwamba walipokuwa watoto, mwalimu mmoja alikuwa akiufunga mkono wa kushoto wa rafiki yake kwenye mguu wa dawati kwa kamba ya katani, kila asubuhi, muhula mzima, na darasa lilikuwa na wimbo wa kumzomea. Nyumbani nako, bibi yake hakupokea kitu kutoka kwa mkono huo. "Tangu hapo amefundisha ile ya kulia kazi yote ya nje. Kwa nini unafikiri alipenda kushona? Sindano mbili, mikono mbili. Nani atajua? Sasa usimwambie nimekwambia. Mke yake mwenyewe alichukua miaka kujua."

Niliahidi. Na njia nzima ya kurudi, nyuma ya bodaboda, nilikuwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu cha thamani. Aibu ya kupoteza kipawa changu ilidumu kama kilomita moja. Baada ya hapo ilishakuwa hadithi. Ndivyo nilivyokuwa: niliamini kila kilichofichwa kimekaa kikinisubiri mimi.

Mwezi huo mpwa wa fundi, mtoto wa dada yake aliyefariki, alikuwa akipeleka mahari katika kijiji cha Kwapa, kwa familia ya wakulima na wafugaji. Fundi ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wetu. Wazee wa upande wa binti walikuwa wameeleza wanavyotaka mambo yaende: msemaji atakata nyama ya kwanza kwa kisu kipya na kumpa baba wa binti, kisha kisu kitabaki kwao, zawadi. Na kisu kije kiunoni, ndani ya ala. Kuingia ugenini na kisu mkononi ni kutafuta ugomvi.

Kwa fundi siku hiyo haikuwa ya kisu tu. Alijifanyia mazoezi. Nilimkuta asubuhi moja, akidhani yuko peke yake, akikata kipande cha sponji ya kiti kwa mkono wa kulia, polepole, tena na tena. Aliponiona akakisukuma chini ya gogo. "Kule watu watakuwa wengi," akasema, kama mtu anayezungumzia mvua. Nilijua hasa alichoogopa. Alitaka kusimama mbele ya wakwe saa moja tu bila mtu kuona mkono wake wa kushoto ukitangulia.

Kisha akaniambia ala ya kisu hicho niishone mimi. Alikuwa na turubai tatu za kumaliza, na mikono yangu, alisema, sasa anaiamini. Ilikuwa kazi ya kwanza kunipa bila kusema atakuja kuitazama.

Nikaishona nyumbani kwetu, siku nne, kwa mapenzi yote niliyokuwa nayo. Nikaishona ya mkono wa kushoto.

Nimejaribu mara nyingi kueleza kwa nini, na kila maelezo hunifanya nionekane mwema kuliko nilivyokuwa. Nilijiambia ni zawadi. Nilijiambia kwamba mtu aliyefungwa mkono kwa katani anastahili, mara moja maishani, kitu kilichopimwa kwa mkono wake wa kweli. Nikaweka kitanzi cha mkanda upande wa pili, kifungo cha ule ukanda mdogo unaozuia mpini usitoke nikakigeuza kielekee kidole gumba cha kushoto. Niliwaza jinsi atakavyoiona na kunyamaza, na kunitazama, na kujua kwamba kuna mtu aliyemwona. Yule mtu aliyemwona, yaani mimi, nilimpenda sana. Baba wa binti, ambaye kisu kingebaki kiunoni mwake miaka yote, sikumwaza hata dakika moja.

Siku yenyewe nilikwenda Kwapa na gari la mpwa, kisu kikiwa ndani ya ala yake mapajani, vimefungwa kwa kitambaa. Tulisimama nje ya ua ule, wanawake wakiimba ndani, na fundi akiwa na koti la kijivu ambalo sikuwahi kuliona, limepigwa pasi mpaka mikono yake ilisimama. Nikampa ala. Akafungua mkanda wake, akaanza kuipitisha, kisha mkono wake ukasimama. Hakuhitaji kuitazama mara mbili. Akaniangalia mimi.

Nilikuwa nimesubiri kuangaliwa hivyo, na nilipoangaliwa nikatamani ardhi inifunike. Hakukuwa na shukrani usoni pale. Alikuwa na uso wa mtoto aliyesikia ule wimbo wa darasani ukianza.

"Nani alikwambia?" akanong'ona.

Kabla sijajibu tukaitwa tuingie. Hakuwa na ala nyingine, na mkononi kisu hakingeweza kuingia. Akaivaa kwenye nyonga ya kulia, kwa kuwa ndiko mkono wa kulia hufika, na kwa hivyo kila kitu kilikaa kinyume: makali yakatazama mbele, kifungo kikabanwa kwenye mbavu zake. Akashusha koti juu yake.

Mzee wa kanisa akaomba. Watu wakasalimiana, wakataniana, mbuzi na ng'ombe wakahesabiwa kwa kelele. Fundi aliongea vizuri. Aliwachekesha. Kisha sinia ya nyama ikaletwa, wakanyamaza, akapeleka mkono wa kulia kiunoni.

Kifungo hakikufunguka. Kidole chake kilikitafuta, kikakikosa, kikakitafuta tena. Nilikuwa nimesimama karibu na masufuria na niliweza kuona mkono wake wa kushoto ukiinuka wenyewe kutoka pajani, ukijua kila kitu, na yeye akiushusha. Akavuta kwa nguvu. Ukanda ukaachia ghafla, kisu kikatoka makali yakiwa mbele, na koti la kijivu likapasuka kutoka mfukoni mpaka chini, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

Shangazi wa binti, mama mnene mwenye sauti ya sokoni, ndiye aliyetangulia. "Wee fundi! Leo unakata nyama ao unakata koti?"

Ua mzima ukalipuka.

"Walituambia wanaleta fundi ya ala," akaendelea, akifuta machozi, "kumbe ni fundi ya kupasua nguo! Mkwe, uangalie suruali yako!"

Fundi naye akacheka. Akakata nyama kwa mkono wa kulia, vibaya, akampa baba wa binti kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Kisha akasema kwa sauti ya kufika kila mahali, "Mnisamehe. Hii ala nilishona mwenyewe, mbio mbio. Kosa ni yangu."

"Na hiyo ndiyo unatuachia?" shangazi akauliza.

"Ndiyo hiyo."

Nilikuwa na sahani mkononi. Nakumbuka ilikuwa na wali na kipande cha mfupa. Kulikuwa na maneno ambayo ningeweza kuyasema pale, mafupi tu, na yangeliokoa jina lake bila kuugusa mkono wake: ni kazi yangu, nilikosea upande. Hayakunijia. Nilijiambia nikisema nimeishona mimi, wataniuliza kwa nini, na siri yake itatoka. Nilijiambia nanyamaza kwa ajili yake. Nikala wali.

Kwa wiki nzima sikuvuka mpaka. Nilipovuka, nilipita kwanza Buteba, kwa kuwa mhunzi sikumwogopa kama fundi. Hakuacha kupiga nyundo.

"Nilikwambia usimwambie."

"Sikumwambia."

"Hukumwambia. Ulimshonea."

Akanieleza mengine huku chuma kikipoa. Baba wa binti alikuwa ameahidi kuleta visu vya wachungaji wake wote na vishoka viwili vitengenezewe ala kwa fundi. Alivipeleka kwa mtu mwingine Tororo mjini. Kisu cha zawadi kimewekwa juu ya kabati, hakuna anayekivaa. Na madereva, ambao habari huwafikia kabla mizigo yao haijakaguliwa, sasa walikuwa wakipita kibandani na kuuliza kama fundi bado anapokea makoti ya kupasua.

Kibandani nilimkuta akishona lile koti la kijivu, kwa uzi wa tairi, mshono mnene mweusi usiojificha. Nilianza kusema pole. Akaninyamazisha kwa kidevu.

"Kaa."

Nikatafuta kigoda changu mbele yake. Hakikuwapo. Alikuwa amekiweka kando yake, upande wa kulia, bega kwa bega, mahali ambapo mikono yake haionekani vizuri. Nikakaa. Nikachukua sindano mbili. Nikashindwa. Kila nilichojua kilikuwa kimegeuzwa. Sindano ziligombana ndani ya tundu, uzi ukajifunga, mshono ukaegemea huku na huku kama walevi. Nilikaa hapo mpaka jioni nikishona kama mtu wa siku ya kwanza, naye akiendelea na koti lake. Ilikuwa kweli, basi. Kipawa changu chote kilikuwa ule mkono wake wa kushoto niliokuwa nautazama kama kioo.

Siku mbili baadaye nikapanda bodaboda hadi Kwapa, nikiwa na msharasi, uzi, nta na uma ndani ya mkoba.

Shangazi alikuwa akianika mtama uani. Akanitazama kutoka miguuni kwenda juu.

"Si wewe ulikuwa kwa masufuria siku ile? Nani ametuma wewe?"

"Sijatumwa, mama. Nimekuja kwa ajili ya ala."

Baba wa binti akaitwa. Alikuwa mzee mrefu mwenye kofia ya pama, mtu wa maneno machache. Akaleta kisu kutoka juu ya kabati, kimefungwa ndani ya taulo, akakiweka juu ya stuli.

"Fundi hakuishona hii," nikasema. "Niliishona mimi. Nilikosea upande."

"Wewe?" Shangazi akaacha mtama. "Na siku ile ulikuwa hapa?"

"Nilikuwepo."

"Na mdomo ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nao, mama."

"Kwa nyama ndiyo ilikuwa inafanya kazi."

Mzee alikuwa ameichukua ala, anaigeuza, kidole chake kikipita kwenye kitanzi, kwenye kifungo, kwenye ukingo. Alikuwa mtu aliyeishi na visu.

"Hii si kukosea," akasema polepole. "Mtu anayekosea, kitu moja iko hapa, ingine iko pale. Hapa kila kitu iko mahali yake. Ilipimwa. Ilipimwa kwa mtu ya mashoto." Akaniinulia macho. "Nani?"

Nikaukumbuka mkono wa fundi ukiinuka kutoka pajani na kushushwa.

"Mimi," nikasema. "Mimi ni mashoto. Nilipima kwa mkono wangu, nikasahau watu wengine."

Mzee akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu la hesabu. Lakini shangazi akabadilika uso. Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha chai, akaninyooshea. Kwa mazoea nikapeleka mkono wa kulia, nikaukumbuka uongo wangu katikati ya njia, na mkono ukabaki hewani, haujui uende au urudi.

"Pokea tu, mwanangu," akasema, na ile sauti ya sokoni ilikuwa imekwisha. "Naona walikufundisha. Mama yangu mkubwa alikuwa hivyo. Walimchoma na mwiko wa ugali. Mpaka anakufa alikuwa anapokea kwa kulia na inatetemeka."

Nilikunywa chai ile. Hakuna kitu kilichowahi kuniingia vibaya kama huruma yake, kwa kuwa haikuwa yangu. Ilikuwa ya mtu mwingine, na nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chake nikiinywa.

Kisha nikafanya kazi, wao wakitazama. Ilinibidi nifumue kwa mkono wa kushoto. Nilikata nyuzi za kitanzi moja moja, kisu kidogo kikiteleza katika vidole vyangu visivyojua lolote. Nilijichoma mara mbili. Kila nilipojisahau, mkono wa kulia uliruka kusaidia nami nikaurudisha, nikatazama kama wameona. Ilikuwa nusu saa. Niliihesabu, kisha nikajaribu kuhesabu miaka ya fundi tangu shuleni, nikaacha.

Nilipomaliza kufumua nikatoboa upande wa pili, nikatia sindano mbili. Na hapo mwili wote ukanilegea. Moja kutoka kulia, moja kutoka kushoto, zinapishana, mikono inavuta pamoja. Hakukuwa na cha kuficha. Hata mtu angenitazama mpaka jua lizame asingejua mimi ni wa mkono gani. Nilitamani mshono ule usiishe.

Uliisha. Upande wa mbele yakabaki matundu kumi na mawili matupu, pale kitanzi kilipokuwa.

"Hizi zitabaki?" mzee akauliza.

"Yatabaki, baba. Ngozi haijifungi."

Nikavua kiatu. Nikaishika ala juu ya mguu wangu, nikaigeuza mdomo chini, nikaitikisa. Kisu kilikaa. Mzee akaichukua, akaipitisha kwenye mkanda wake, nyonga ya kulia, akaenda kuangalia ng'ombe.

Kesho yake nikamweleza fundi. Alikuwa akishona kofia ya kishoka, nami nimekaa kando yake, kwa hiyo niliongea nikiutazama ukuta wa mabati.

"Umesema ni wewe."

"Nimesema niliishona mimi, nikakosea upande."

"Na yule mzee hakuuliza upande ya nani?"

"Aliuliza. Nimesema wangu."

Akapitisha mshono mmoja, akavuta. Akapitisha wa pili. Nje lori lilikuwa likirudi kinyumenyume na mtu akilipigia kelele. Nilisubiri anisamehe, na nilijua ninavyosubiri, na hilo nalo likanitia aibu.

"Walikupa kitu?" akauliza.

"Chai."

"Ulipokea kwa mkono gani?"

"Kwa kulia."

"Eh," akasema fundi. "Hapo tu ndipo ulipatia."

Akachukua kipande cha ngozi kipya, akakilaza juu ya gogo, akaninyooshea msharasi. Alinipa kwa mkono wa kulia. Kigoda changu hakukirudisha mbele yake.